Hamamu ya Maruhubi isiachwe ibomoke

Asalaam aleikum mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hamamu ya Maruhubi, yaani mabafu ya jumba la kifalme la zamani, hapa Unguja. Jumba lenyewe alilijenga Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, likamalizika 1882, moto ukaliteketeza 1899, leo zimebaki nguzo za mawe na ile hamamu, na watalii wanapita tu wanapiga picha mbili tatu basi wanaenda zao. Ni mawe ya matumbawe yale, kimche kikiota kwenye ufa mizizi inanenepa na mawe yanaachana taratibu. Ing'oeni mapema jamani! Na nyufa msizibe kwa saruji, inafungia unyevu ndani ukuta ukamomonyoka. Tieni chokaa, wapo mafundi Mji Mkongwe wanaijua vizuri kazi hiyo, wapeni wao.

Msomaji, Unguja