Safari ya Magadi Jumamosi

Habari za jioni, jamaa zangu. Jumamosi tunaondoka Kiserian saa 12 asubuhi, sio saa 1 tena. Magadi kuna joto kali, na nataka watoto wafike kwenye chemchemi za maji moto kabla jua halijapanda.

Tukishapita mji wa Magadi hakuna lami. Tutamfuata kiongozi wetu, gari nyuma ya gari, na tafadhali dereva asikate njia juu ya magadi, ule ukoko wa chumvi ulioganda ziwani: panaonekana pakavu, kumbe chini ni tope na gari linazama. Bebeni maji ya kutosha na spea yenye upepo. Wazee wakae mbele, nyuma kunarusha sana. Shangazi, dawa ya pumu usiisahau, vumbi ni jingi.

Tukirudi tutapitia Olorgesailie tuone mashoka ya mawe ya watu wa kale.