Mdogo wangu, kuhusu ile digrii moja

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Tabata. Huku ni wazima. Mama mdogo yupo, mguu unamsumbua kidogo jioni, na joto la Januari unalijua. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu namba yangu uliifungia, na kwenye kundi la ukoo siwezi kusema haya huku mashangazi wanasoma. Wasomaji wangu mliozoea kuja kuuliza kwa nini friji inagandisha juu na chini haipoozi, mtaniwia radhi. Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo ya gesi. Leo nina la nyumbani.

Picha nimeiona. Wewe, nyika nyuma yako, roketi inakaribia kimo chako, na mzee mwenye kofia anatia saini karatasi. Nimefurahi. Naanza na hilo usije ukasema sikulisema. Cheti cha ngazi ya kwanza cha kurusha roketi kubwa si mchezo: injini ya herufi H au I, roketi irudi chini ikiwa nzima, na awepo mtu wa kushuhudia. Mama mdogo nilimweleza hivi: injini zile zimepangwa kwa herufi kufuata jumla ya msukumo wake, na kila herufi kikomo chake ni mara mbili ya herufi iliyotangulia. Kwa hiyo ukichukua H ukaipima na ile C uliyoanza nayo ulipofika huko, ni mara 32. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na anakula?"

Lakini chini ya picha uliandika: "Mita 412. Huku kifaa kinapima chenyewe, hakuna mtu wa kukisia." Ukoo mzima ukakupigia makofi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekisia, wapi, lini. Umetupa jiwe gizani, mdogo wangu. Basi sikia yalaa: limenipata.

Lile kaunta buku ninalo. Jalada limeliwa na mende pembeni, ila maandishi yako ya bluu yanasomeka: MALENGO, na chini yake, SIRI. Ukurasa wa kwanza ni wa Januari 2016. Lengo namba moja: "Kumpita Goddard." Nilikuwa nimekusomea habari za yule Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji, petroli na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, tarehe 16 Machi 1926, kwenye shamba la mama aliyemwita shangazi. Sekunde mbili na nusu, mita 12 na nusu kwenda juu, halafu ikaanguka kwenye kabichi. Ukaniangalia kwa dharau. "Mita 12? Kaka, mnazi wa jirani si unamzidi?"

Kabla ya Pasaka tulikuwa tumempita. Chupa ya soda ya lita mbili, maji theluthi moja, kizibo cha raba chenye valvu tuliyokata kwenye mpira mbovu wa baiskeli, na pampu ya kuazima kwa fundi wa pale kona. Ikaruka, ikatumwagia maji yote, ikatua juu ya bati la jirani Ijumaa mchana watu wamejipumzisha. Ulijificha nyuma ya tenki, nikaenda kuomba msamaha peke yangu. Hilo nalo sijalisahau.

Mwaka uliofuata lengo likawa mwavuli. Tulishona, sijui ilikuwa mara ngapi, kwa mifuko ya rambo, mpaka ikapigwa marufuku Juni mosi 2019, tukahamia kwenye kitambaa cha mwavuli wa mvua wa mama mdogo (ambao mpaka leo anaamini aliusahau kwenye daladala, sasa amejua). 2020 ukaunganisha chupa mbili kwa gundi bila kuvuja hata tone. Mikono yako ilikuwa mizuri kuliko yangu, sijawahi kukwambia.

Kila Januari nilikuwa nakuhubiria na wewe unafumba macho. Nilikuambia usiandike lengo usiloweza kulipima. "Kuruka juu zaidi" si lengo, ni dua. Kila ukiandika lengo la kupanda, andika na la kushuka, maana roketi isiyofungua mwavuli ni jiwe. Chupa mpya tuijaribu kwanza ikiwa imejaa maji pomoni, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, ikipasuka inatulowesha tu. Na geji yangu ya kazini isivuke paundi 100, hata kama wewe ulitaka 120. Ulikuwa unaniita babu. Lakini niambie, katika miaka sita yote ile, uliumia wapi? Una kovu gani? Mimi ni fundi friji. Nimeona mtungi ulivyopasua ukuta wa karakana. Mtu wa namna hiyo humuombi aandike 100 wakati geji haijasema 100.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye siku yenyewe, ingawa nilipanga nisifike mapema hivi.

31 Desemba 2021. Lengo la mwaka: mita 100. Tulipanga kurusha alfajiri kabla kaskazi haijaamka, lakini foleni ya pantoni ikatuchelewesha, tukafika ufukweni kule mbele ya Mjimwema saa nne, upepo umeshaanza kupeperusha mchanga. Tukavuta kamba ya mita 50 kutoka kwenye kirushio. Wewe ukabaki na uzi wa kufyatulia, mimi nikaenda mwisho wa kamba na protrakta ya mkebe wako wa shule, ile yenye nati inayoning'inia kwenye uzi. Ukahesabu kutoka tano. Ikaondoka na mlio kama mtu aliyepasua kanga mpya.

Nikasoma 63.

Hesabu unaijua, lakini hawa wengine hawaijui. Mita 50 mara tanjenti ya 63 ni 98. Tuliongeza mita moja na nusu, kimo cha jicho langu kutoka chini, ikaja 99.6. Ingekuwa 64, tungefika 104. Digrii moja! Kwenye protrakta ya mwanafunzi digrii moja ni upana wa uzi wenyewe. Mwanzoni ulicheka. "Kaka, ongeza na kofia." Nikasema hapana. Ukasema andika 100, nani atajua? Nikasema mimi nitajua. Nikaandika 99.6 na mstari chini: HALIJAFIKIWA. Kwa herufi kubwa. Zile herufi kubwa sikuzihitaji, nakubali.

Kwenye pantoni, kati ya bajaji na akina mama wa ndoo za samaki, uliniuliza polepole sana, "Kaka, ulikuwa unaangalia kweli?" Nami nikapaza sauti, kila mtu akageuka: "Mimi sidanganyi ili kumfurahisha mtoto." Ulikuwa na miaka 18, barua ya ufadhili iko mfukoni. Hukujibu. Ukatazama maji mpaka Feri.

Wiki iliyofuata ukasafiri. Ulimuaga mpaka mlinzi wa dukani. Kitandani kwangu ukaniachia kaunta buku, ukurasa wa 2022, na mstari mmoja: "Lengo: kupata shahidi mwingine."

Hilo ndilo sijakusamehe. Ungenitukana tungegombana, tungekula, yangekwisha. Lakini kuliandika kama lengo, kwa mwandiko niliokufundisha mimi, chini ya tarehe kama tulivyozoea! Na sasa yule mzee wa kofia na kalamu yake. Hongera, umelifikia. Umechukua miaka minne. Nilikufundisha vizuri.

Nimekaa na sentensi inayofuata tangu Krismasi. Simu ilitetemeka. Mfukoni mwa shati, wakati ule ule roketi inaondoka. Alikuwa mteja ambaye friza lake lilikuwa limezima na nyama yote ya mwaka mpya iko ndani, mbuzi mzima, wageni njiani. Nilishusha macho. Sekunde moja, labda mbili. Nilipoyainua mwavuli ulikuwa tayari umefunguka, nikaelekeza protrakta pale nilipodhani ilikuwa, nati ikatulia, nikasoma 63. Nilisoma vizuri. Nilichokisoma ndicho sikijui.

Sasa utasema. Lakini fikiria na wewe: yule mteja ndiye aliyelipa muhula wako wa mwisho wa Form Six. Sio yeye peke yake, wateja kama yeye. Kama nisingekuwa mtu wa kuangalia simu, usingekuwa mtu wa kupigwa picha nyikani. Na ningekuambia pale pale ufukweni, ungeniamini tena kwenye lolote? Nilitaka ubaki na kaka anayeaminika. Ninavyoisoma sasa hivi naona imekaa vibaya, lakini naiacha, maana ndivyo nilivyofikiri.

Na usidhani nimekaa tu. 2022 sikuandika kitu, sikuweza kuandika chini ya ule mstari wako. 2023 nikageuza ukurasa. Kuna kijana hapa mtaani, yuko darasa la sita, anauliza maswali kama yako, tena hafumbi macho. Tumepoteza roketi mbili, moja iko juu ya mwembe na itabaki huko mpaka masika iishushe, kwa sababu mwembe wenyewe una waya wa umeme karibu na hapo sipandi wala simpandishi mtoto wa mtu.

Mwaka huu lengo ni moja tu. Tarehe 16 Machi inatimia miaka 100 tangu Goddard na kabichi zake. Itakuwa Jumatatu, nitafunga karakana nusu siku. Tunataka kurusha mita 12 na nusu, isizidi, isipungue. Usicheke, kuirusha chini ni kugumu: ukiweka hewa kidogo inajikojolea tu pale pale, ukizidisha kidogo imeshavuka mnazi. Ule mnazi wa jirani bado upo, ndio rula yetu. Na safari hii tutapima kutoka pande mbili, protrakta mbili, watu wawili. Mmoja ni kijana. Simu zitabaki kwa mama mdogo.

Uliahidi utaleta injini za kweli ukija. Usithubutu kuzitia kwenye begi, ndege za abiria haziruhusu na unalijua. Hicho kifaa kinachopima chenyewe, kama kweli kinatosha kiganjani, hicho njoo nacho. Au kitume. Au usitume, tuna protrakta.

Kwenye ukurasa wa Desemba 2021, pembeni ya 63, nimeandika kwa wino: "jicho lilikuwa kwenye simu." HALIJAFIKIWA nimeikata. Ile 99.6 sijaifuta, maana sina ya kuweka badala yake.

Kaka yako,
Tabata

Walioulizia friza wiki iliyopita: barafu msiichokoe kwa kisu. Zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, subiri.