Mhariri, turudishieni ukurasa wa hadithi ya kuendelea

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Nina ombi moja tu na naliweka mwanzoni kabisa ili usifike katikati ukaanza kujiuliza huyu anataka nini. Rudisheni ukurasa wa hadithi ya kuendelea, alafu anayeiandika alipwe.

Mi ni mwandishi wa riwaya za upelelezi, naishi Morogoro. Muswada wangu mpya umeisha, umeshapitiwa na watu ninaowaamini, wasioogopa kuniambia hapa umeboronga, na saivi umekaa tu kwenye laptop. Sio kwamba hauna wasomaji. Wasomaji wapo, wananiuliza kila siku kitabu kinatoka lini, ila njia za kuutoa zimebaki chache na hizo chache kila moja ina kizuizi chake, na naandika barua hii kwa sababu najua siko peke yangu, tuko wengi, wa upelelezi, wa kutisha, wa mapenzi, wa kijasusi, kila mtu na mzigo wake ndani.

Kuna watu wanadhani hizi hadithi zetu zilizaliwa vichochoroni, ni vile vitabu vya kava lenye bastola ambavyo mwalimu akikukuta navyo anakunyang'anya. Hapana jamani. Muhammed Said Abdulla, mzee wa Makunduchi kule Zanzibar, aliyemleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka 1960. Na huyu mzee alikuwa mtu wa magazeti, alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968. Hao hao Bureau ndio waliotoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla 1965, na 1974 wakamtoa Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Yaani kulikuwa na taasisi ya watu wote wa Afrika Mashariki, ina wahariri, ina mashindano, mtu unaandika hadithi ya mauaji na upelelezi unaituma, inasomwa na mtu ambaye kazi yake ni kusoma, na ikiwa nzuri inakuwa kitabu.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na Bureau ikaondoka nayo. Wenzetu Kenya walirithi ya kwao wakaiita Kenya Literature Bureau. Huku kwetu waandishi waliona hakuna wa kuwasubiri, wakajigeuza wachapishaji wenyewe: Musiba na kampuni yake, Ben Mtobwa na Heko, Hammie Rajab na Busara. Nawaheshimu sana hawa wazee. Waliandika usiku, mchana wakahangaika na karatasi katika miaka ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni, na vitabu vikafika mpaka kwenye vibanda vya stendi za mabasi. Vingi vya hivyo leo ukivitaka unavipata kwa wauza mitumba ya vitabu, vimechanika mgongo, kurasa za mwisho hazipo, na kwa riwaya ya upelelezi kukosa kurasa za mwisho ni kukosa kila kitu.

Sasa mwandishi wa leo afanye nini? Akienda kwa mchapishaji, swali la kwanza analokutana nalo ni je, hiki kinaweza kuingia shuleni. Siwalaumu hata kidogo. Wachapishaji wetu wameishi kwa soko la shule miaka yote, na tangu vitabu vya kiada virudi mikononi mwa Taasisi ya Elimu kilichobaki kwao kimepungua, kwahiyo kila shilingi wanaitupia macho mara mbili. Kitabu kinachosomwa na dereva wa lori akisubiri kupakia mzigo Tunduma, au dada wa saluni kati ya mteja na mteja, hakina mnunuzi mmoja mkubwa wa kuagiza nakala elfu tano kwa mpigo. Kina wanunuzi elfu tano, mmoja mmoja, na hao kuwafikia ndio shughuli. Mchapishaji mmoja, jina lake nalihifadhi, alikaa na muswada wangu wa nyuma muda mrefu sana, mwishowe akaniambia ameupenda ila nipunguze maiti na nimfanye mpelelezi awe mwalimu ili vijana wapate mfano. Nilimshukuru nikachukua kazi yangu.

Basi unasema najichapia mwenyewe. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, haina shida, unaenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi unaelekezwa. Shida iko kiwandani. Mashine ya ofseti inachapa karatasi kubwa ambayo ikikunjwa inakuwa kurasa 16, mafundi wanaiita fomu, kwahiyo riwaya ya kurasa 160 ni fomu kumi, kila fomu ina sahani zake, yaani mabamba ya kuchapia, za mbele na za nyuma, na sahani bei yake ni ile ile uchape nakala mia au elfu tatu. Ukichapa chache, kila nakala inakuwa ghali mpaka msomaji anashtuka. Ukichapa nyingi bei inashuka vizuri lakini umefukia akiba yote ya nyumbani kwenye maboksi, na maboksi yanakaa sebuleni. Zipo mashine za kidijitali ambazo hazitaki sahani, unachapa hata hamsini, nzuri sana kwa kuanzia, ila nakala moja inakula hela kiasi kwamba ukiongeza faida kidogo tu umefika bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaitoa kwa chakula cha watoto. Alafu ukipeleka dukani wanapokea kwa mali kauli, wauze kwanza ndio wakulipe, wakishatoa asilimia yao. Duka la Dar likichelewa kukulipa na wewe uko Moro, nauli ya kufuatilia inamaliza mauzo.

Kuna tuzo, na hapa lazima niwe mkweli maana serikali ikifanya jema lisemwe. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeleta uhai. Zawadi ya kwanza milioni kumi, kitabu kinachapwa, kinasambazwa shuleni na maktaba. Kwa mwandishi wa Kiswahili hilo ni jambo kubwa na nawaombea waliolianzisha. Lakini angalia kinakoenda kitabu: shuleni. Anayeandika hadithi ya kutisha kwa watu wazima, au ya jambazi na polisi aliyenunuliwa, anajua kabisa kitabu chake hakijatengenezwa kwa dawati la kidato cha pili. Kungekuwa na fungu la riwaya za kusisimua peke yake, na vitabu vyake viende maktaba za mikoa badala ya madarasani, sidhani kama wangekosa miswada. Zingemiminika.

Iliyobaki ni simu, na huko ndiko wengi tumehamia. Unafungua grupu la Wasap, linabeba watu 1,024, unaweka sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure, wakishanogewa unasema ya sita ni sh. 500 kwenye namba hii. Na wanalipa! Nataka watu waelewe hili maana kila mwaka tunaambiwa Watanzania hawasomi. Mtu anatoka kwenye bodaboda saa tano usiku amechoka, anatuma mia tano yake, anaandika "dada tupia basi ya leo tukalale". Hao ndio wasomaji wangu na nawapenda kwelikweli. Nimejifunza kwao kuliko semina yoyote, wakikuta mpelelezi kaingia chumbani kwa mlango ambao sehemu ya tatu nilisema umepigwa misumari wananikamata hapo hapo.

Ila grupu halina ukuta. Mmoja akilipa anaweza kuikopi akaituma kwenye makundi mengine kumi, au anakusanya sehemu zote anatengeneza pidiefu na kuiuza yeye kwa bei ya kutupa. Wengine wanaisoma kwa sauti wanaipandisha YouTube, matangazo yanaingia, mwandishi hatajwi. Hadithi yangu moja niliikuta hivyo. Aliyeichukua alibadilisha jina la mpelelezi kila mahali, alafu alipofika kwenye mahojiano kituoni akasahau, kwahiyo askari anamuita mtu kwa jina langu mimi nililompa, na mtu yule anaitika, kisha mstari unaofuata anarudi kuwa yule wa wizi. Wasikilizaji wakauliza kwenye maoni huyu mwingine katokea wapi. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, unaweza kusajili kazi yako na nawashauri wenzangu wasajili. Lakini kumfuata mtu usiyemjua, anayetumia jina bandia, kwa ajili ya hadithi iliyokuingizia laki na kitu, ukianza kupiga hesabu za wakili unaacha.

Ndio maana nakuja kwako Mhariri.

Gazeti lina kitu ambacho grupu na sebule yangu yenye maboksi havina. Lina tarehe. Hadithi ikitoka gazetini Jumamosi fulani na jina langu juu yake, hakuna mtu wa kuja mwaka kesho kusema ni yake, ushahidi upo maktaba na upo kwenu. Lina mhariri anayesoma kabla ya msomaji. Na linafika Kigoma na Newala bila mimi kulipa nauli. Miaka ya nyuma hii ilikuwa kawaida kabisa, magazeti ya wikiendi na yale ya udaku yote yalikuwa na hadithi zake, mchoro juu, pembeni "ilipoishia", chini "itaendelea", na waandishi wengi tunaowasoma leo walipata jina huko kabla hawajapata kitabu. Mama yangu mdogo kule Kilosa alikuwa anakata hadithi kwenye kila toleo, anazipanga, anazitoboa kwa msumari na kuzishona kwa uzi wa magunia, likawa buku nene la vipande vya magazeti visivyolingana, na mtaa mzima ukaazima. Toleo moja lilipokosekana kwa sababu basi liliharibika njiani, aliacha ukurasa mtupu akaandika kwa kalamu alichosimuliwa na mtu aliyelisoma Dodoma. Mi nilijifunza kusoma riwaya kwenye lile buku.

Najua majibu. Utaniambia nafasi ya gazeti ni hela, ukurasa mmoja ni tangazo la watu. Sawa, lakini tangazo halimfanyi mtu anunue gazeti la wiki ijayo, na hadithi iliyoachwa mtu kashika kitasa cha mlango inamfanya. Magazeti yote yanalia habari mtu ameshaisoma kwenye simu tangu jana yake, basi mpeni kitu ambacho hawezi kukipata jana yake. Utaniambia pia hadithi za magazetini ziliharibika mwishoni, zikawa ngono tupu na uchawi wa kuokoteza. Ni kweli, baadhi zilifika huko, na sababu naijua maana wenzangu walikuwemo: mwandishi alikuwa halipwi au analipwa kwa kuonewa huruma, kwahiyo waliobaki ni wenye kuandika sehemu nzima kwa dakika ishirini akiwa amesimama. Lipeni, mtapata kazi iliyofanyiwa kazi.

Na malipo yenyewe sitaki yawe ya kuwaumiza. Kiasi kidogo kinachojulikana kwa kila sehemu, kinalipwa kila mwezi, na karatasi ya mkataba ya ukurasa mmoja inayosema gazeti limenunua haki ya kuchapa mara moja na kitabu kinabaki cha mwandishi. Hicho kipengele cha mwisho nakiombea sana. Kuna waandishi walitoa hadithi zao magazetini bila maandishi yoyote na walipotaka kuzifanya vitabu ikawa mgogoro, wengine wamefariki na watoto wao hawajui kazi ni ya nani. Muswada nao usomwe wote mpaka mwisho kabla sehemu ya kwanza haijatoka, sio mwandishi anaandika wiki kwa wiki akikosa pumzi katikati wasomaji wanaachwa njia panda. Mwandishi alete kazi iliyokamilika, mhariri aseme ndio au hapana, alafu hadithi ikiisha gazetini mwandishi anaenda kiwandani akiwa na kitu ambacho leo hana, yaani watu wanaojua jina lake na wanataka kuiweka hadithi nzima kabatini. Akiwa na hao, zile fomu kumi na sahani zake anazilipia bila kukopa, kwa sababu anaweza kuchukua oda kabla hajachapa.

Anzeni hata na nusu ukurasa, toleo la Jumamosi, kwa miezi mitatu. Tangazeni kwamba mnapokea miswada ya upelelezi, ya kutisha na ya kijasusi, wekeni ukomo wa maneno kwa kila sehemu, na semeni mtalipa kiasi gani. Wa kwangu una sehemu ishirini na nne, nimeshaukata kwa urefu wa safu zenu kwa kupima na gazeti la wiki iliyopita, na siku mkitangaza nautuma wote pamoja na muhtasari unaomtaja muuaji, ili mhariri ajue mapema anachokinunua.

Mwandishi wa riwaya za upelelezi,
Morogoro