Kwako uliyemfadhili mbwa wangu

Ndugu mfadhili, jina lako sikupewa, lakini shukrani hizi nataka zikufikie popote ulipo.

Ulianza kutoa mchango wako wakati mbwa huyu bado ni mtoto, hajui hata kutembea na kamba. Hakuna aliyeweza kukuhakikishia kwamba angefuzu, maana si wote wanaofuzu kuwaongoza vipofu. Ukatoa hivyo hivyo. Fedha zako zikamlisha, zikalipia chanjo na daktari wa mifugo, huku familia iliyojitolea ikimlea na kumzoesha ngazi, mabasi na msongamano wa watu. Ndipo akakabidhiwa kwa wakufunzi, kwa miezi mingine ya kazi.

Leo nikishika mpini wa mkanda wake wa kifuani napata habari za njia nzima. Akipunguza mwendo, kuna ngazi. Akisimama kabisa, tumefika ukingoni mwa barabara. Juzi nilimwamuru tuvuke, akagoma, akajipanga mbele ya miguu yangu. Gari la umeme, halina mlio hata kidogo, likapita. Kukataa amri yenye hatari! Sidhani kuna somo gumu kulishinda hilo, na ndilo lililoniweka hai.

Zamani, kutoka nje kulitegemea nani ana nafasi ya kunishika mkono. Sasa natoka nikitaka, hata kama ni kunyoosha miguu tu.

Asante sana, ndugu yangu. Mungu akujalie afya, na pale ulipotoa akuzidishie.