Fungua mbavu za kasha kabla hujalipa

Nairobi

Rafiki yangu Mutua,

Salamu kwako na kwa nyumba nzima. Umeuliza kama lile kasha la kompyuta uliloliona Luthuli Avenue, la bei nafuu, lenye kioo mbele na feni za taa, linafaa. Picha uliyonitumia ni ya nje, na kasha hujulikana kwa ndani. Rudi dukani na bisibisi ya nyota na futi ya fundi cherehani, mwombe muuzaji alifungue mbavu zote mbili.

Anza na ubavu wa kulia, ambao watu hawautazami. Pima nafasi iliyopo kati ya bati linaloshika madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na kifuniko cha ubavu huo. Ikifika sentimita 2, nyaya zitalala vizuri. Ikiwa 1 tu, ule waya mnene wa pini 24 utafurisha kifuniko kisifunge, na utaishia kuzirundika nyaya upande wa mbele zikazibe hewa. Halafu tafuta tundu la pembe ya juu, karibu na mgongo wa kasha. Hapo hupita waya wa pini 8 unaolisha umeme prosesa, ile chipu kuu. Makasha ya bei ya chini mara nyingi huwa na tundu finyu mno, na bodi ikishafungwa kichwa cha waya hakipenyi tena. Upitishe kwanza, ndipo ufunge bodi.

Bodi yako ni ya ukubwa uitwao micro-ATX, milimita 244 kwa 244. Vile vinguzo vya rangi ya shaba vinavyoinua bodi juu ya bati viwe chini ya matundu ya bodi tu. Kimoja kikibaki pasipo na tundu kitagusa mgongo wa bodi, umeme upige shoti. Bonyeza bati katikati kwa dole gumba. Likibonyea, bodi nayo itapinda siku utakapokandamiza RAM, vile vijiti vya kumbukumbu. Kingo ziwe zimekunjwa, la sivyo zitakukata vidole na kuchuna nyaya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kioo cha mbele. Feni tatu nyuma ya kioo kisicho na upenyo huzungusha joto lile lile. Mwambie muuzaji aziwashe, kisha shika kipande cha tishu kwenye pengo la pembeni: kikivutwa na kung'ang'ania, hewa inaingia. Kikining'inia tu, liache kasha hilo, hata akikupunguzia bei. Mimi ningechukua kasha la wavu mbele lisilo na taa hata moja. Chujio la chini nalo lichomoke kwa mkono, maana vumbi letu la Januari unalijua.

Kasha likiwa na pawa saplai yake ndani, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme, usiihesabu kwenye bei; nunua nyingine.

Pima pia kutoka kwenye bati la bodi hadi kioo cha ubavuni, kwa sababu kipoza cha prosesa cha umbo la mnara chenye feni ya milimita 120 hufika karibu 155. Nitumie vipimo hivyo pamoja na urefu wa kadi yako ya michoro, nikujibu kabla hujatoa pesa.

Wako,
Kioko