Mpwa wangu, amekamatwa mara ngapi?

St. Louis, Missouri
12 Novemba 2025

Mpwa wangu Idi,

Marahaba. Bibi yako mfikishie shikamoo zangu, na mama yako mwambie mzigo wake umeshapata mtu wa kuja nao. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza.

Umeuliza kama mwalimu wenu wa besiboli amefanya sawa kumweka yule kijana mwenye mbio kuliko wote awe mpigaji wa kwanza, kwa kuwa ameshaiba besi nyingi, yaani amekimbilia kituo kinachofuata wakati mrushaji anamrushia mpigaji mpira. Kabla hujanitajia ameiba ngapi, niambie amekamatwa mara ngapi, yaani ametolewa akijaribu kuiba.

Tuchukue takwimu za ligi kuu ya Marekani za 2010 hadi 2015. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza na mmoja ameshatolewa, timu ilipata wastani wa pointi 0.51 mpaka awamu yake ya kupiga kuisha, watatu wakitolewa. Akiiba ya pili, wastani unapanda hadi 0.66. Akikamatwa, besi zinabaki tupu na wawili wametoka: 0.10. Kwa hiyo anacheza kamari ya kupata 0.15 au kupoteza 0.41. Ili faida na hasara zilingane tu, lazima afaulu kama mara 73 katika 100. Chini ya hapo anawaibia nyinyi wenyewe.

Wenye haraka hufupisha: kuiba kukifaulu ni pointi 0.2, kukamatwa ni kupoteza 0.4. Kwa kipimo hicho mtazame Rickey Henderson mwaka 1982. Aliiba besi 130, rekodi ya enzi hii ambayo haijaguswa, lakini alikamatwa mara 42. Faida ni 26, hasara karibu 17, salio pointi 9. Shohei Ohtani mwaka 2024 aliiba 59 tu, akakamatwa mara 4: salio pointi 10. Na huku pointi 10 huhesabiwa kuwa sawa na ushindi wa mechi moja katika msimu wa mechi 162. Ndiyo, moja.

Sasa usimdharau Henderson. Ukubwa wake haukuwa miguu peke yake. Katika maisha yake yote uwanjani alifika kwenye besi mara 40 katika kila 100 alizoshika gongo, kwa sababu alikuwa na jicho la kuacha mipira mibaya, minne ikifika unapewa besi ya kwanza bure. Besi ya kwanza haiibiwi.

Wa upande wa pili ni Herb Washington, mwanariadha wa mbio fupi aliyesajiliwa na timu ya Oakland mwaka 1974 akimbie tu. Hakuwahi kupiga mpira hata mmoja katika ligi kuu. Alijaribu kuiba mara 48, akafaulu 31. Hiyo ni kama 65 katika 100, yaani mbio zote zile hazikuilipa timu chochote. Mwaka huu wa 2025 Josh Naylor, mtu mnene ambaye ni miongoni mwa wenye mbio ndogo kabisa wa ligi, amejaribu mara 32 na kufaulu 30. Siri ni kusoma mrushaji.

Sekunde zenyewe ni hizi. Mrushaji wa kawaida hutumia kama 1.3 tangu aanze kujongea hadi mpira umfikie mdakaji aliye nyuma ya mpigaji. Mdakaji hutumia kama 2.0 kuudaka, kusimama na kuufikisha besi ya pili, umbali wa mita 38.8. Jumla 3.3, ukiongeza kidogo kwa ajili ya kumgusa mkimbiaji. Kati ya besi na besi ni mita 27.4, kijana akisogea mita tatu na nusu kabla ya mpira kurushwa, zinabaki kama 24. Mrushaji akichelewa hadi 1.5, hata mtu wa mbio za wastani anafika. Akiwa na 1.2 na mdakaji hodari, mwache atulie.

Mrushaji wa mkono wa kulia atazamwe miguu, uso utamdanganya. Kisigino cha kulia kikiinuka kwanza, anageukia besi ya kwanza: rudi. Mguu wa kushoto ukiinuka, hawezi tena kugeuka bila kufanya kosa: nenda. Wa mkono wa kushoto ni mgumu zaidi, maana anamtazama mkimbiaji usoni. Hatua ya kwanza ni mguu wa kushoto kupita mbele ya wa kulia, mwili ukiwa chini. Wengi huharibu kwa kuegemea upande wa besi ya pili kabla ya wakati. Mrushaji akigeuka, wanakosa pa kurudi. Kuteleza kuanze kama mita tatu kabla, mguu mmoja umekunjwa. Ukichelewa unapita besi na kuguswa ukiwa umeiacha. Kichwa mbele waachieni wakubwa, vidole huvunjika.

Wizi unaouona siku hizi kwenye simu umesaidiwa na kanuni za 2023. Besi zilipanuliwa kutoka sentimita 38 hadi 46, na mrushaji akaruhusiwa kusitisha kurusha ili kumzuia mkimbiaji mara mbili tu kwa kila mpigaji. Ya tatu asipomtoa, mkimbiaji anapewa besi ya bure. Wizi ukapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Kama nyinyi hamchezi kwa kanuni hizo, msiige.

Hapa St. Louis wazee bado wanaisimulia timu ya 1985: besi 314 za kuiba, homurani (mpira unaopigwa ukavuka uzio) 87 tu, ushindi 101. Vince Coleman peke yake aliiba 110, kisha Oktoba turubai la kufunika uwanja, linalovutwa kwa mashine, likamkanyaga mguu. Hilo ndilo aliloshindwa kulikimbia.

Kuhusu kijana wenu: nafasi ya kwanza apewe anayefika besi mara nyingi, kwa kuwa ndiye atakayeshika gongo mara nyingi kuliko wote. Mwenye mbio asiyefika awe wa nane au tisa, nyuma yake wapigaji wa mipira mifupi, ya kuwafikisha besi ya kwanza tu. Mpira mfupi humtoa mtu besi ya pili hadi nyumbani, anapopata pointi. Homurani ingemleta hata akiwa ya kwanza, basi kwa nini ahatarishe? Mpigaji wenu mwenye nguvu akishika gongo, mkimbiaji akae.

Jumamosi chukua simu upime sekunde za mdakaji wenu mara kumi, na za wapinzani. Wadakaji wa shule wakifika 2.3 au 2.4, karibu kila mtu aruhusiwe kukimbia, hata wewe na uzembe wako. Niandikie namba, tuzipige hesabu pamoja.

Wasalaam,
Mjomba wako