Nafasi ya raia katika maigizo ya vita si makombo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba wanawake wanaoshiriki maigizo ya vita vya kale ama washike bunduki ama wabaki nyumbani, kwa kuwa mwanamke anayekaa chini ya hema akikanda unga amekubali kulishwa makombo. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, naishi Lancaster, Pennsylvania, na kwa miaka minne sasa nashiriki maigizo ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani nikiwa raia, wala sijawahi kuomba sare ya askari.

Haki ya mwanamke kushika bunduki katika maigizo hayo siipingi. Mwigizaji mwenzetu Lauren Cook Burgess alifukuzwa kwenye maigizo ya mapigano ya Antietam, huko Maryland, mwaka 1989 kwa kuvaa sare ya askari, akaenda mahakamani, na mwaka 1993 akashinda. Tena historia ilikuwa upande wake, maana wako wanawake waliopigana vita hivyo wakiwa wamejigeuza wanaume. Ninachokataa ni kudhani kwamba aliyevaa gauni hakuwa vitani.

Gettysburg, mji wa hapa Pennsylvania, ilikuwa na wakazi wapatao 2,400 pale majeshi mawili, la Kaskazini na la Kusini lililopigania utumwa, yalipopambana, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, kisha yakaondoka na kuwaachia wenyeji majeruhi zaidi ya 20,000. Jennie Wade, binti wa miaka 20, alikuwa akikanda unga wa mkate nyumbani kwa dada yake, mzazi wa siku chache, risasi ilipopenya milango miwili na kumuua papo hapo. Elizabeth Thorn, ambaye mumewe mtunza makaburi alikuwa jeshini, alichimba makaburi ya askari wapatao 100 katika joto la Julai akiwa na mimba ya miezi sita, akisaidiwa na baba yake mzee, na mshahara ukabaki dola 13 kwa mwezi. Harufu ya maiti ilikuwa kali hata wanawake wa mji wakawa wanatembea na vichupa vya mafuta ya mnanaa.

Mwaka jana, kwenye shamba tulilokodishiwa, nilishika sepetu mbele ya watazamaji nikiwa na gauni refu la pamba na sketi mbili za ndani. Udongo ulikuwa na mawe, pindo la gauni likawa linaingia shimoni kila nilipoinama, na shimo halijanifika magotini nikawa nimekwisha nguvu. Mizinga ilikuwa imenyamaza na watu walikuwa wameanza kurudi kwenye magari yao, lakini mtoto mmoja aliniuliza shimo ni la nani, na nilipomjibu, wazazi wake waliweka viti vyao chini wakasikiliza.

Kwa sisi wanawake weusi jambo hili lina uzito zaidi. Katika msimu wangu wa kwanza mratibu mmoja alinipangia nafasi ya mpishi wa maafisa, akisema hakuna nyingine inayonifaa. Hakuwa amesikia habari za Lydia Hamilton Smith, mwanamke mweusi aliyeishi hapa hapa Lancaster, ambaye inasimuliwa kwamba baada ya mapigano alikodi farasi na gari, akazunguka vijijini kukusanya chakula na nguo, akawapelekea majeruhi wa pande zote mbili, wakiwemo wale waliopigania utumwa. Tena alifanya hivyo wiki chache tu baada ya jeshi la Kusini kuwakamata watu weusi wa Chambersburg, mji mwingine wa Pennsylvania, wengi wao wanawake na watoto, na kuwaswaga kama ng'ombe kwenda utumwani. Sisi tuliokimbia vita Kivu hatuhitaji kufafanuliwa tukio hilo.

Nawaomba waandaaji waingize katika ratiba kipindi cha raia cha muda wa saa nzima baada ya bunduki kunyamaza, watazamaji wakiwa bado wameketi. Nawaomba pia akina mama wazungumzao Kiswahili hapa Pennsylvania wajitokeze, hata wasiojua kushona, kwani magauni tutashona pamoja. Msimu ujao nitakuwa Lydia. Farasi nimeshaahidiwa na jirani. Bado natafuta gari.

Wako,
Msomaji wa Lancaster, Pennsylvania